Kumgeuza Raimondi

Miaka tisa katika futiboli ya Kimarekani, kazi ya Odeli ilikuwa kuwaangusha wanaokimbia na mpira, na hakuwahi kumwogopa yeyote. Leo aliuogopa mlango wa wodi. Ndani alilala Raimondi, mchezaji aliyeangushwa na Odeli mwezi uliopita, ambaye hajasimama tangu siku ile.

Alipoingia, mama wa mgonjwa aliinua macho. "Wewe ndiye uliyemwangusha?"

"Mimi ndiye, mama."

Odeli alingoja kufukuzwa.

"Nesi amechelewa," mama akasema. "Nisaidie kumgeuza, asije akapata vidonda mgongoni."

"Naogopa nitamuumiza."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Wewe shika mabegani."

Odeli akaipenyeza mikono polepole chini ya mabega. Hapo Raimondi akafumbua macho, akamwona aliyemwangusha ndiye aliyemshika.