Hela ya Kidole

"Kidole tu, daktari," alisema mke wa seremala. "Pumu tumeiacha nyumbani."

Katika chumba cha dharura, ubao wa malipo ulitaja kila kiungo na bei yake, kama nyama buchani. Wao walikuja na hela ya kidole kilichokatwa na msumeno, basi.

Daktari akamwekea seremala chombo cha kusikilizia kifuani hata hivyo. Kifua hicho kilikuwa kikipiga filimbi tangu asubuhi. Seremala akabana pumzi.

"Mzee, mbona hupumui?"

Akatabasamu kwa adabu. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya majivu.

"Pumua, baba watoto!" mkewe akapiga kelele. "Tutauza randa!"

Seremala akatikisa kichwa. Akiuza randa yake ya kazi, atakula pumzi?