Daftari la Kijani la Apisai

Kalamu ya mgeni ilianza kukimbia pale tu Madam Litia alipoingia baharini na sketi yake.

Kila asubuhi mwalimu mkuu huyo aliipokea mashua ya watoto wa ng'ambo kwenye maji ya magoti. Aliwabeba wadogo mgongoni, mmoja mmoja, akiwauliza nani hajanywa chai, na bibi anaendeleaje. Apisai, mtu wa shirika linalosaidia shule za serikali, alisimama mchangani akiandika kwenye daftari la kijani.

"Mistari sita tayari," alinong'ona Vili, mwalimu msaidizi na mtani wa Litia. "Umekwisha, Madam. Wakikufukuza nitakuletea muhogo."

"Nyamaza, kichwa cha pweza wewe."

Alijibu hivyo, lakini moyoni hakucheka. Mwaka jana, kisiwa cha jirani, alikuja mtu wa hivihivi na daftari. Wiki mbili tu, mwalimu mkuu wa huko akajikuta karani Suva, mji mkuu. Na shule hii Litia aliijenga upya kwa mikono yake baada ya kimbunga. Barua ya shirika ilisema tu kwamba Apisai yuko kwenye mpango wa viongozi wa shule, atakaa wiki tatu.

Kilichomtisha zaidi ni lile jino. Mgeni yeyote huja na fungu la mizizi ya kava, kile kinywaji cha wazee. Hiyo ni hodi tu. Apisai alileta na jino la nyangumi. Jino haliletwi kwa jambo dogo: ni kuzika, kuposa, kutaka radhi, kuomba kitu kizito. Siku ile Litia alikuwa chini ya tangi la maji akiziba tundu. Alipofika, makofi ya mapokezi yalikuwa yamekwisha, na mjomba wake ameshalipokea kwa niaba yake. Jino likipokelewa, neno limekubaliwa. Ukimuuliza mjomba amekubali nini, umemwambia humwamini.

"Kuposa siyo," Vili alisema. "Ameshakuona vizuri."

"Basi ni radhi. Ananitaka radhi kabla hajanichinja."

Wiki mbili Apisai alimfuata kama mkia. Litia akila na watoto sakafuni, anaandika. Akishika darasa la tatu kwa sababu mwalimu anaumwa, anaandika. Na maswali yake sasa!

"Madam, mbona ofisi yako haina mlango?"

"Kimbunga kiliuchukua."

"Si miaka mitatu sasa?"

"Sijauhitaji."

Akaandika hilo nalo, akalipigia mistari miwili.

Wiki ya tatu Litia akaamua kujiokoa. Akautafuta mwongozo wa wizara, akaufuta vumbi. Fundi akaja kupachika mlango. Litia akakaa nyuma ya meza, viatu vimembana, akisaini fomu toka saa mbili hadi saa tisa. Mtoto akija analia, anaambiwa amwone mwalimu wa zamu. Kazi ya mashua akaachiwa Vili, ambaye alilalamikia mgongo wake kisiwa kizima.

Apisai alikaa kwenye kona ya ofisi, amekunja uso, kalamu haiendi. Litia akajipongeza kimoyomoyo. Atapeleka nini huko kwao? Hana kitu!

Ijumaa, siku ya mwisho, Apisai alikwenda kuwaaga wazee, akaacha mkoba ofisini. Vili akaingia, akafunga ule mlango mpya, akachomoa daftari.

"Hiyo ni dhambi," alisema Litia, miwani iko machoni tayari.

Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa kujipanga: "Apisai Rokoduru, mwalimu mkuu wa shule ya kwetu kuanzia muhula ujao. Shirika liliniambia nichague mwenyewe wa kunifundisha. Nimempelekea Madam Litia jino. Limepokelewa."

Litia akafunua haraka haraka hadi ukurasa wa jana.

"Siku ya kumi na nne ya masomo. Mlango bado umefungwa, watoto wanalia nje. Somo hili sijalielewa hata kidogo, lakini yeye ndiye mwalimu. Nimeshaagiza mlango kama huo."