Kizingiti cha Bi Mwanahiba

Hakimu Shemdoe alimkuta Bi Mwanahiba ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Nyumba yenyewe haikuwapo tena. Mto ulikuwa ukipita palipokuwa na sebule.

"Hodi, Bi Mwanahiba."

"Karibu, mheshimiwa."

Mwaka jana hakimu ndiye aliyemwamuru aondoe magunia ya mchanga aliyoyapanga nyuma ya nyumba, kwa kuwa sheria ya mazingira ilikataza kuziba ukingo wa mto. Bibi alimwambia mto umeanza kuhama. Hakimu akamsomea kifungu cha sheria. Bibi aliyaondoa yote, gunia baada ya gunia, bila kubisha.

"Sheria imebadilishwa," hakimu alisema akitazama chini. "Mvua za siku hizi si zile za zamani. Sasa unaruhusiwa kuweka kinga."

"Nikinge nini, mwanangu?"

Bibi akasogea kumpisha.

"Basi usisimame nje kama mdai. Pita ndani."

Hakimu akainama, akavua viatu kama anavyofanya kila mgeni mwenye adabu, akavipanga vizuri kando ya kizingiti. Kisha akasimama pale, peku, maji yakipita mbele yake.