Zoezi la Hodi

Sheria inamtaka kila mwenye nyumba afanye zoezi mara thelathini kila asubuhi. Kisanduku cha ukutani kinasema "Hodi!", leo kwa sauti ya mzee, kesho ya mtoto, nami nainua shati kwa mkono wa kushoto, nachomoa bastola tupu kiunoni kwa mkono wa kulia, kidole kisiguse kifyatulio. Nilikuwa mzito. Mke wangu, Zawena, alikuwa akinicheka.

Jumamosi nilikaa sebuleni namenya machungwa, bastola yenye risasi kiunoni, kama sheria inavyotaka.

"Hodi!"

Sikuwahi kusema karibu. Nilipojitambua, mtutu ulikuwa umemwelekea mama mkwe wangu, Bi Hadia, ambaye kwa heshima nilikuwa sijamtazama usoni kwa miaka kumi na mmoja. Siku hiyo nilimtazama. Na kidole kilikuwa kimeshagusa kifyatulio. Bakuli la visheti lilimponyoka mikononi.

Kisanduku kikashangilia: "Sekunde moja na robo! Hongera, umefuzu!"

Nilipiga magoti nikaanza kuokota visheti. "Nisamehe, mama."

"Hakuna neno, baba," alijibu taratibu, kama mtu anayembembeleza mbwa asiyemjua.

Zawena hakunicheka tena.

Jana mchana nilifungua mlango nikamwage maji machafu. Bi Hadia alikuwa amesimama nje, juani, kimya, viganja vyake viwili wazi mbele ya kifua. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.