Mhadhara wa Alhamisi

Siku hizo umeme wa nyumba ulitegemea mhadhara. Kila Alhamisi, mtu mmoja wa kila kaya alikwenda chuo kikuu kusikiliza wasomi wakifafanua sera za serikali, mkononi amevaa bangili iliyopima kama anawapenda kwa dhati. Makofi peke yake hayakutosha kuleta umeme.

Mwasiti hakuweza kumpenda Profesa Lubeleje. Msomi mzima, tumbo limemtangulia, anasoma hotuba aliyoandikiwa wizarani na kuchekea vichekesho vyake mwenyewe!

"Wananchi hawana njaa," alisema siku hiyo. "Wana mtazamo finyu kuhusu shibe."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mwasiti alitamani kutema mate. Badala yake alimkazia macho yule profesa huku akimwaza mwanawe, Tatu, kama alivyofanya mwaka mzima. Bangili ikawaka kijani.

Aliporudi, nyumba ilikuwa na mwanga. Tatu alimkimbilia mlangoni akicheka.

"Mama, umeme umerudi!"

Mwasiti alimtazama mtoto, na dharau ileile aliyokuwa nayo kwa profesa ikampanda.

"Unachekacheka nini?"

Tatu akanywea. Mwasiti alishtuka, akamvuta na kumkumbatia kwa nguvu, akafumba macho, akitafuta mtu mwingine wa kumwaza.