Njia ya Kilimani

Mwanakheri alikuwa akikaa eda, haruhusiwi kuvuka kizingiti, na mchana kutwa alicheza mchezo wa video wa marehemu mumewe kwenye televisheni. Mpanda farasi wake mle mchezoni alikuwa safarini kuelekea mji wa mbali.

"Dada, mbona unajitesa?" aliuliza mdogo wake, Zulfa. "Chagua huo mji kwenye ramani, unafika sasa hivi."

"Nifike, halafu nikae tena?"



Mwanakheri akamshusha mtu wake kutoka juu ya farasi, akamtembeza kwa miguu. Akapita shamba la alizeti, akavuka daraja bovu, akaanza kupanda kilima. Mle kwenye kioo cha televisheni mawingu yakafunga, mvua ikashuka.

Mwanakheri akavuta kanga mabegani, akajifunika kichwa, akaendelea kupanda.