Kibete Kilichovuliwa

Mstari mweusi katika mwanga wa nyota, uliotandazwa rangi kwa rangi, ulikuwa umesogea. Mpimaji wa nyota akafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, akatazama tena. Umesogea kweli, upana wa unywele.

Miaka kumi na moja alizijumlisha picha zote kuwa moja ili mwanga uongezeke, kumbe kwa kujumlisha aliufuta mwendo huo. Leo ndiyo kwanza anazitazama moja moja.

Basi kile kibete cha samawati, nyota ndogo yenye moto kupindukia, hakikutokana na nyota mbili zilizokufa zikaungana kuwa moja, kama mwalimu wake alivyoshikilia maisha yake yote. Kina mwenza asiyeonekana, anayekivuta huku na huku, aliyekivua ngozi ya nje kikabaki kiini kitupu.

Simu ikaita. Mwalimu, kutoka wodini.

"Binti, kitabu chetu kinaingia mtamboni saa nne. Umekagua?"

"Nimekagua."

"Sema basi, au darubini imekumeza ulimi? Mwenzio pumzi zangu za kuhesabu."

Alisikia mashine ya hewa ikivuta na kushusha. Akaufunika ule mstari kwa kiganja.

"Kibete kiko peke yake, Mwalimu."

"Nilijua! Nimewaambia wachapaji jina lako litangulie, langu lifuate."